Taa Nyekundu ya Mheshimiwa

Mheshimiwa alikuwa akisema hapendi kuitwa Mheshimiwa, lakini ukimwita kwa jina lake alichelewa kugeuka, kana kwamba ameitwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. Nilifanya kazi kwake miaka tisa. Mpaka leo mtu akiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, naanza kujibu vizuri kabisa, halafu katikati ya sentensi najikuta nabishana na maneno yangu mwenyewe. Naandika haya nione kama safari hii sentensi itafika mwisho.

Alikuwa mbunge katika bunge la jimbo la Texas, lile linalokaa Austin, si lile kubwa la Washington. Bunge hilo hukutana miezi michache tu, tena si kila mwaka, kwa hiyo karibu kila mbunge ana shughuli nyingine ya kumlisha. Yake ilikuwa kiwanda cha kufulia pale Garland: mashuka ya hospitali, taulo za hoteli, vitambaa vya meza vya kumbi za harusi. Mimi nilianza pale kwa kupokea simu, nikiwa bado nasoma chuo Richardson, nikaishia kuwa mtu wa kila kitu. Asubuhi nilikuwa kiwandani. Mchana nilivuka barabara kwenda kwenye ofisi yake ndogo ya ubunge, ambako watu walikuja na barua za uhamiaji, barua za shule, na barua ambazo hawakuwa wamezifungua kabisa kwa kuogopa.

Alikotoka sitaeleza, kwa sababu sijui. Wakenya walisema ni wao, na kweli akikaa nao alizungumza nao Sheng mpaka vijana wakacheka. Wakongo walisema ni wao. Mimi mtu wa Tanga nilikuwa tayari kuapa kwamba ni wetu, maana akinisalimia alinisalimia kama wajomba zangu: "Zuhura, umeamkaje mwanangu, na huko nyumbani hawajambo?" Nilimuuliza siku moja, "Mheshimiwa, wewe hasa kwenu ni wapi?" Akajibu, "Garland," akaendelea kusoma. Ijumaa nilimwona msikitini Richardson, ameketi ukutani nyuma kabisa bila viatu. Jumapili watu wa kanisa la Wakongo walimwona anaimba nao. Sikuwahi kumsikia akieleza lolote kati ya hayo.

Alikuwa na neno lake moja: "Nimesikia." Ukimletea shida yako, alikutazama machoni muda mrefu, akaweka kalamu chini, akasema, "Nimesikia." Watu walitoka ofisini wakishukuru, wakapigia jamaa zao simu kwamba Mheshimiwa amekubali. Mimi ndiye niliyebaki na kazi ya kujua kama amekubali au la, na mara nyingi sikujua. Wiki mbili baadaye barua ya mtu yule ilikuwa imeshughulikiwa, au ilikuwa pale pale chini ya kikombe.

Kiwandani alikuwa mtu mwingine. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaingia mstari wa kukunja mashuka na akina mama. Alikuwa mwepesi kuliko wengi wao. Alishika pembe mbili, akatikisa mara moja, shuka likaja lenyewe. Siku moja mwenzake wa bungeni, mtu mrefu mwenye kofia pana na buti, alikuja kumtembelea akasimama mlangoni anamtafuta, na Mheshimiwa alikuwa mita mbili mbele yake anakunja. Alimwacha yule bwana atafute mpaka alipochoka akaenda kumsubiri ofisini. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nilitaka kumaliza toroli hili."

Kile kiwanda kilikuwa na joto. Mashine za kukaushia na mapasi ya mvuke, halafu nje jua la Texas la mwezi wa nane, ndani mlikuwa kama mnapikwa. Lakini Mheshimiwa alikuwa ameweka kengele. Kila saa ililia, mashine zikasimama, na watu wote wakaenda kwenye chumba cha ubaridi kwa dakika kumi. Kulikuwa na maji ya barafu, viti, hata kitanda cha kujinyoosha. Hakuna sheria iliyomlazimisha. Wateja walilalamika kwamba mashuka yanachelewa. Aliwaambia watafute pengine, na wachache walikwenda kweli.

Huyo huyo mtu wa kengele alimfukuza kazi mama mmoja kwa kuchelewa dakika kumi na tano. Asubuhi alimwandikia barua. Mchana akaniambia nichukue ufunguo wa gari, tukaenda mpaka nyumbani kwa yule mama kuuliza amechelewa kwa nini. Tukakuta mtoto ana homa kali. Mheshimiwa alimbeba yule mtoto mwenyewe mpaka kwenye gari, tukakaa kwa daktari mpaka alasiri. Njiani kurudi nikasema, "Basi nimwambie kesho aje?" Akashangaa. "Aje wapi? Barua si ameshapewa?" Wiki iliyofuata alimtafutia kazi ofisi nyingine, bora kuliko yetu. Lakini kwake hakurudi.

Sasa nifike kwa Papa Furaha.

Papa Furaha alitoka mashariki ya Kongo, akapita kambini miaka mingi, akaletwa Garland na mkewe na binti yao. Mkewe, Mama Furaha, alikunja mashuka kwetu, na alikuwa rafiki yangu; nilikula kwake kuliko nilivyokula kwangu. Papa mwenyewe alifanya kazi kwenye ghala moja la vifurushi, jina sitalitaja. Alikuwa mzee wa kanisa, mpole, shati limepigwa pasi hata akienda kutupa taka. Alasiri moja ya joto alikuwa ndani ya tela la lori anapanga maboksi, akaanguka. Wenzake walipogundua, mwili wake ulikuwa mkavu na wa moto kama sahani iliyotoka jikoni. Alikaa siku nne bila kuzinduka. Alipozinduka, figo zilikuwa zimeumia, mguu wa kushoto hauna nguvu, na majina ya vitu yalimpotea.

Mheshimiwa alikwenda hospitali kila siku. Kila siku, sitii chumvi. Mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha miadi yake. Mara moja nilimfuata na karatasi za kutia sahihi, nikamkuta ameinama juu ya kitanda anamnyoa Papa ndevu. Alikuwa amemfunga taulo shingoni, anapitisha wembe taratibu, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo kama mtoto anayeandika.

"Papa hapendi kukaa na ndevu," aliniambia bila kuinua kichwa. "Ni mzee wa kanisa, huyu."

Mama Furaha alikuwa ameketi dirishani. Alinitazama, machozi yanamtoka, akasema polepole, "Unaona huyu muntu?"

Mwaka uliofuata bunge likakutana, na pakaletwa muswada wa kuwalazimisha waajiri wote wenye maghala na viwanda wawape watu mapumziko na maji wakati wa joto. Yaani kengele yetu, lakini kwa jimbo zima. Haukuletwa na Mheshimiwa, uliletwa na mbunge mwingine, ila ni yeye aliyemwomba Mama Furaha aende Austin kutoa ushahidi mbele ya kamati, na mimi nikatafsiri. Alipewa dakika mbili. Alisema jina lake, akasema bwana yake alianguka, akasema, "Ile siku alikunywa maji asubuhi, na tena hakukunywa. Minaomba tu maji." Nilitafsiri neno kwa neno. Mheshimiwa hakuwa kwenye kamati hiyo, lakini alikuja akasimama ukutani, na tulipomaliza akamvutia Mama kiti.

Muswada ukapita kwenye kamati. Siku ya kura ya bunge zima, Mheshimiwa alitupeleka Austin mwenyewe kwa gari lake. Alitaka Mama aone. Njia nzima alitueleza jinsi kura inavyopigwa: kila mbunge ana vifungo mezani, na ukutani kuna ubao mkubwa wenye majina yote, ukikubali jina lako linawaka taa ya kijani. Alikuwa mchangamfu. Alituonyesha mahali anaponunua matunda ya pichi.

Tulikaa juu, roshani ya wageni. Chini wabunge walikuwa wanatembea, wanashikana mabega, wanacheka. Spika akasema maneno yake, ubao ukaanza kuwaka. Nililitafuta jina la Mheshimiwa, na Mama Furaha, ambaye alikuwa amelikariri umbo lake kama mtu anavyokariri picha, alilipata kabla yangu.

"Dada Zuhura," alisema, "nyekundu njo nini?"

Nilitazama tena, nikahesabu mistari kwa kidole.

"Njo nini, dada?"

"Ni hapana, mama."

"Pengine alikosea kufinya."

"Pengine," nikasema, na nilikuwa naamini. Nilimwona Mheshimiwa kule chini amekaa, mikono juu ya meza, anatazama mbele. Muswada ulianguka kwa kura kadhaa. Kura yake peke yake isingeuokoa, na hilo nimejiambia mara nyingi, lakini halinisaidii kuelewa.

Tulimsubiri karibu nusu saa nje ya mlango. Alipotoka alikuwa anarudisha simu mfukoni. Akasema, "Twendeni, njia ni ndefu." Hakukuwa na njia nyingine ya kurudi nyumbani ila gari lake. Mama Furaha alikaa nyuma na mkoba wake mapajani. Tulipita miji yote ile midogo. Kwenye kituo cha mafuta Mheshimiwa alishuka akamletea juisi ya embe. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka pembeni, hakuifungua. Tulipokaribia Dallas ndipo Mama alipozungumza.

"Mheshimiwa, ulikosea kufinya?"

Nilimwona akimtazama kwenye kioo.

"Hapana, mama. Sikukosea."

"Basi. Aksanti."

Hilo ndilo neno la mwisho Mama Furaha alilomwambia. Kesho yake alikuja kazini kama kawaida, akakunja mashuka, akaenda kwenye chumba cha ubaridi kengele ilipolia. Mheshimiwa akiingia mstari huu, yeye alihamia ule. Hakusema lolote baya juu yake. Hakumtaja tu.

Mimi nilimuuliza Mheshimiwa mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kesho yake, mlango umefungwa. Alisema sheria ile ingeua viwanda vidogo. Nikasema, "Lakini sisi ni kiwanda kidogo, na tunafanya hivyo hivyo, na hatujafa." Akasema, "Sisi tulichagua. Kuchagua na kulazimishwa si kitu kimoja." Niliondoka nikidhani nimeelewa.

Mara ya pili ilikuwa baada ya wiki kadhaa, tulipokwenda Carrollton kuona jengo la zahanati mpya ya watu wasio na bima. Alisema kwa sauti ya chini kwamba zahanati hii ilitoka kwenye kura ile. Wakubwa wa bunge walitaka nyekundu yake, naye alitaka zahanati. "Hesabu mwenyewe watakaotibiwa hapa," akasema. Nilitazama wajenzi wakipandisha matofali, nikafikiri, sawa, basi ndiyo hiyo. Lakini kama ndiyo hiyo, ile ya viwanda vidogo ilikuwa nini?

Mara ya tatu hata sikuuliza vizuri, nilikuwa nimekasirika kwa jambo lingine. Alisema muswada uliandikwa vibaya, ungefutwa mahakamani mara moja, na watu wangepewa tumaini kisha wakanyang'anywa. "Hilo ni baya zaidi, Zuhura." Alisema kwa upole, kama daktari. Nikamwambia, "Mheshimiwa, kila nikikuuliza unanipa jibu zuri, na kila jibu linafuta lile la kabla yake." Akanitazama muda mrefu, akaweka kalamu chini.

"Nimesikia," akasema.

Uchaguzi ulipokuja alishinda kwa kura nyingi kuliko zamani. Wale wale waliosema kwamba hawatampigia walimpigia. Mimi mwenyewe nilisimama kwenye foleni na karatasi zake za kampeni mkononi, sijui kama ninazigawa au ninajificha nyuma yake. Kisha, katikati ya muhula, akatangaza kwamba hatagombea tena. Hakueleza. Akauza kiwanda kwa kampuni kutoka nje ya jimbo, akatuaga mmoja mmoja, akamfuata Mama Furaha mpaka mwisho wa mstari, akasimama kando yake. Mama akaendelea kukunja. Mheshimiwa alisimama pale mpaka toroli likajaa, kisha akaondoka.

Kampuni mpya iliiondoa kengele katika mwezi wake wa pili. Nilikwenda kulalamika. Meneja, kijana mstaarabu tu, aliniuliza, "Kuna sheria inayosema lazima tupumzike kila saa?" Nikasema hakuna. Akainua mabega. Siku ile nilimchukia Mheshimiwa kwa mara ya kwanza, chuki safi, isiyo na lakini. Haikudumu hata wiki. Mama Furaha na mimi tuliacha kazi pamoja. Mimi nikaenda ofisi ya hospitali moja Richardson, yeye akaanza kutunza wazee majumbani.

Walisema Mheshimiwa amekwenda Houston kwa sababu ana mwanamke huko. Wengine walisema anaumwa. Wengine walisema anajipanga kwa kiti kikubwa zaidi. Miaka ikapita. Mwaka huu nilimpeleka binti yangu chuo kule Houston, na kabla sijamaliza kumpangia vitu chumbani simu ikaingia: "Zuhura, nasikia uko mjini kwangu. Njoo unywe chai." Sijui nani alimwambia.

Ilikuwa Jumapili alasiri. Anaishi kusini magharibi ya jiji, ghorofa ya chini, vyumba viwili. Amepungua. Shati lilikuwa limemzidi shingoni. Ukutani hapakuwa na picha hata moja ya bunge. Alikuwa amekaanga maandazi mwenyewe, mengine yameungua, akaniwekea yale mazuri. Tulizungumza habari za binti yangu, za mvua za Houston zinazojaza barabara, za magoti yake. Nilikuwa nimeapa sitauliza.

"Uliza," akasema.

"Niulize nini?"

"Zuhura."

Nikauliza. Alizungusha kikombe juu ya sahani.

"Pale bungeni kuna mkahawa chini," akasema. "Miaka sita nilikula pale peke yangu. Walinisalimia, ndiyo, walinishika bega. Lakini mezani hakuna aliyeniita. Wiki ile ya muswada wakaniita. Wakubwa wenyewe. Walinisogezea kiti, wakaniuliza habari za mashuka. Hawakuniomba kitu. Siku tatu nilikula nao. Siku ya nne taa ikaja, na mimi nikajua meza ile inafinya kifungo kipi."

Nikachukua andazi.

"Na zahanati?" nikasema.

"Zahanati ipo. Si umeiona?"

"Kwa hiyo ipi ni kweli, Mheshimiwa?"

Alifungua mdomo, na nadhani, sina hakika, nadhani safari hii alikuwa anataka kweli kujibu. Simu yake ikalia juu ya meza. Alipoiona uso ulimbadilika, akaipokea na kuegemea kiti.

"Papa! Habari ya siku mingi? Wiki moja ni mingi, eh. Minaona leo umechelewa."

Kiswahili cha Kongo kilimtoka kama maji. Alicheka, akauliza habari za mguu, akasikiliza, akacheka tena. Mimi nilikuwa nimeshika andazi sijalila. Sauti iliyotoka upande wa pili niliijua. Ni sauti niliyoisikia Ijumaa ya wiki ile ile mezani Garland ikiniombea safari njema.

Nikanong'ona, "Ni Papa Furaha?"

Akatikisa kichwa, ndiyo. Akafunika simu kwa kiganja. "Kila Jumapili," akasema. "Tangu wakati ule."

"Anajua? Ile kura, anajua?"

"Nilimpigia siku ile ile. Kabla sijatoka pale ndani kuja kwenu. Ni mtu wa kwanza kumwambia."

"Akasema nini?"

Mheshimiwa alitazama dirishani. "Alitafuta maneno kwanza, unajua yalivyokuwa yanampotea. Halafu akaniuliza kama nimekula."

Akanipa simu. Papa Furaha alinisalimia, akauliza kama mtoto amepata chumba kizuri, kisha akashusha sauti. "Dada Zuhura. Mama asijue, tafadhali. Itamuumiza."

Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema haraka hivyo. Niliirudisha simu, nikanywa chai yangu, na tulipoagana mlangoni Mheshimiwa hakurudi kwenye swali langu wala mimi sikumrudisha.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Garland, kwa Mama Furaha, tunachambua sombe, kisamvu cha kwetu, jikoni. Papa alivaa viatu, akachukua fimbo yake, akasema anakwenda kunyoosha miguu. Mama alimfungulia mlango, akabaki dirishani akimwangalia akizunguka kiwanja cha magari, pole pole, gari hadi gari.

"Kila siku ya Mungu, kila Jumapili, anatembea," akaniambia. "Docteur alisema atembee, na yeye anatii. Mara ya kwanza alizunguka mara moja tu. Sasa anazunguka hata mara sita. Na anarudi anacheka. Kuja uone."

Nilifuta mikono, nikasimama kando yake. Papa alikuwa amefika mwisho wa kiwanja. Alikuwa ametugeuzia mgongo, kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia, mkono wa kulia umeinuliwa sikioni, na mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

"Unaona vile Mungu anamuponya?" akasema Mama Furaha.

"Naona, mama," nikasema.